Kujenga Lubumbashi bila kumaliza pori: maswali yenye watu wanauliza kila mara

Maswali haya yanarudi kila siku kwa watu wenye wananunua parseli, wenye wanajenga na wenye wanaumia roho wakiona miti inaisha: Kalebuka, Kisanga, Kasapa, Luwowoshi, Kimbembe, kila upande wa Annexe, komini yenye inazunguka mji. Hakuna jibu hapa la kumkataza mtu kujenga. Watu wanahitaji nyumba, na pori nayo tunaihitaji, kwa hiyo tunaongea juu ya fasi gani ijengwe na namna gani.

## Mambo ya kwanza

1. Pori gani tena karibu na Lubumbashi? Si ilishaisha yote?

Karibu na mji sehemu kubwa ilishakatwa, hapo hakuna wa kubisha. Lakini kukatwa na kufa ni vitu viwili. Pori yetu ni ya miombo: mutondo, muputu, mulombwa, musuku, mupundu na wenzao. Ni miti yenye inaacha majani wakati wa kiangazi, afu Septemba na Oktoba inatoa majani mapya mekundu hata mvua haijaanza.

Nenda kwenye parseli yenye ilikatwa mwaka juzi na bado haijajengwa, inama uangalie kisiki cha mutondo. Pembeni, kati ya ganda na mti wenyewe, kunatoka machipukizi membamba sita saba, majani ya juu yana rangi ya shaba, mengine yameshafika kwenye magoti. Mizizi iko mizima kule chini. Miombo mara nyingi hauhitaji hata kuipanda, unahitaji kuiacha tu ijirudishe. Chenye kinaiua kabisa ni kung'oa visiki, kulima palepale kila mwaka bila kupumzisha, na moto mkali wa mwisho wa kiangazi wenye unapita kila mwaka na kuchoma machipukizi kabla hayajakomaa.

2. Kwa hiyo mnataka watu wasijenge? Tulale wapi?

Hapana. Mji huu ulianzishwa 1910, leo una watu zaidi ya milioni 2, watoto wanaoa, watu wanatoka mikoani kutafuta kazi, na kila mtu ana haki ya kulala ndani ya nyumba yake. Mwenye kusema "msijenge" mara nyingi yeye alishajenga.

Shida yetu kubwa iko kwingine, na ni jambo moja tungependa lishikwe katika ukurasa huu wote: pori inakatwa sana kwenye fasi zenye hakuna mtu analala. Parseli inapimwa, miti inageuzwa makala (makaa ya kupikia), ukuta unazungushwa, afu miaka inapita, ndani ni nyasi tu, mwenyewe anangoja bei ipande. Sasa mama mwenye anatafuta fasi ya kujenga leo anasukumwa mbali zaidi, mpaka kwenye pori nzima, juu zile za karibu zimefungwa. Watoto wake wanaamka saa kumi kwenda masomo, na miti mingine inaanguka. Tukijaza kwanza fasi zenye zilishakatwa, nyumba zitapatikana na pori itapumua.

Usisahau pia makala. Familia inasafisha kiwanja mara moja, lakini inapika kila siku, na umeme ukikosekana wote tunarudi kwenye mbabula (jiko la makala). Mtu akikuambia ujenzi peke yake njo umemaliza miti, anakupa nusu ya habari.

3. Wanyama gani wako huku? Simba na tembo hatujawaona.

Wakubwa wako mbali, kwenye parke za taifa: Upemba, ya tangu 1939, na Kundelungu, ya tangu 1970, zenye zinasimamiwa na ICCN, ofisi ya taifa ya kuhifadhi parke na wanyama. Upemba njo fasi yenye punda milia wa Congo wamebakia.

Pembeni ya mji maisha ni ya vidogo, lakini ni mengi: popo, nguchiro, vinyonga, nyuki, ndege wa kila rangi, nyoka, vipepeo, na finkubala (viwavi) wenye tunakula. Uyoga nao uhesabu hapa. Mama mwenye anauza bowa kando ya barabara ya Kasenga wakati wa mvua anategemea pori kuliko mtu yeyote mwenye anaandika juu yake.

## Parseli, karatasi na sheria

4. Kabla ya kununua parseli Annexe, niangalie nini?

Nenda mwenyewe, kwa miguu, na ukiweza nenda mara mbili, kiangazi na wakati wa mvua, juu fasi yenye inaonekana nzuri na kavu mwezi wa nane inaweza kuwa maji mwezi wa pili (swali 11). Uliza majirani nani alikuwa na fasi hii mbele. Angalia kama kuna mto, dembo (bonde la nyasi lenye linashika maji), kichuguu kikubwa, miti mikubwa, na kama ni kilima chenye hakuna miti kabisa uliza juu ya shaba (swali 16).

Afu karatasi. Enda kadasta (ofisi ya kupima ardhi) na kwa konservateri wa vyeo vya ardhi (mwenye anaandika hati) uulize kama namba ya parseli iko kweli na iko kwa jina la nani. Usilipe pesa yote kabla ya hapo hata kama muuzaji ni mtu wa kanisa lenu.

5. Shefu wa kijiji alinipa karatasi yenye mhuri, inatosha?

Haitoshi. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya leta (serikali), hauuzwi na leta haiwezi kuupoteza. Wewe unapata haki ya kuutumia tu, yaani konsesyo, na haki hiyo inasimama kwa sertifika ya kujiandikisha, yaani hati ya leta yenye jina lako. Raia wa Congo anaweza kupata konsesyo ya kudumu. Zile za kawaida hazipiti miaka 25, afu zinarudiliwa.

Shefu tumheshimu, anajua historia ya fasi na mipaka ya familia, na bila yeye kuna magomvi mengi. Lakini karatasi yake ni mwanzo wa njia. Hapa njo wanyama na binadamu wanaumia pamoja: shefu mmoja anauza pori ileile kwa watu wawili watatu, kila mmoja anaharakisha kukata ili aonekane ndiye mwenyewe.

6. Wanasema nikiacha miti leta itaninyanganya parseli juu sijaiendeleza. Ni kweli?

Hili tunaulizwa kuliko yote, na woga wake umeangusha miti mingi sana.

Ukweli ni huu. Mara nyingi unaanza na kontra ya kupangisha kwa leta yenye haipiti miaka 3, na ndani yake unaahidi kuiweka ardhi kwenye kazi, wenyewe wanasema *mise en valeur*. Kama ni parseli ya kukaa, kazi yenyewe ni kujenga. Usipofanya kitu unaweza kuipoteza, ni kweli. Lakini hakuna fasi sheria inasema udongo ubakie uchi. Mupundu mmoja kwenye kona ya kiwanja haujawahi kuzuia msingi wa nyumba.

Chenye kinatokea ni kwamba mtu hana pesa ya kujenga mwaka huu, anaogopa, anaona njia ya rahisi ya kuonyesha kwamba fasi ina mwenyewe ni kukata kila kitu na kuweka mahindi kidogo. Na makala yenye inatoka inamlipia jeometra (mpimaji wa ardhi). Mtu huyo hatumlaumu. Tunaona ni mazoea yenye yanahesabu mti uliosimama kama fasi tupu njo yanapaswa kubadilishwa, na wakubwa wa mji wanaweza kubadilisha hilo hata bila sheria mpya: waandike kwenye kontra kwamba miti ya asili yenye imehifadhiwa inahesabiwa kama kazi.

Kwako wewe leo: soma kontra, weka mipaka inayoonekana, anza na kitu kidogo kama msingi, choo au nyumba ya mlinzi, piga picha zenye tarehe, na miti yenye haiko kwenye njia ya msingi uiache.

7. Sheria ya kupanga miji ni ya lini?

Dekreti ya urbanisme yenye watu bado wanaitaja ni ya 20 Juni 1957, wakati wa Wabeleji, mji ukiitwa Élisabethville. Iliandikwa kwa mji mdogo wenye mistari iliyonyooka, na haikuwaza Annexe yenye inazunguka mji mzima. Juu yake zikaja zingine: ardhi 1973, misingi ya kulinda mazingira 2011, kuhifadhi viumbe 2014. Tume ya taifa ya reforme ya ardhi, CONAREF, iliundwa 2013. Kila moja ina ofisi yake, na wewe mwenye parseli moja unazunguka kote na bahasha mkononi.

8. Permi za kujenga zikitolewa haraka, pori si itaisha haraka zaidi?

Inategemea ramani. Kama hakuna mtu ameamua mbele fasi gani haijengwi, basi ndiyo, permi ya haraka ni panga la haraka. Lakini mji ukikaa chini mara moja, ukachora mito, dembo, chemchemi na vipande vya miombo vyenye vimebakia, ukasema hapa hapana, kule kote endeleeni, basi permi inaweza kutoka kwa siku chache bila kuumiza kitu.

Taabu ya sasa ni kuamua parseli kwa parseli. Mtu wa urbanisme anafika nyumba imeshafika kwenye malata (mabati), anaweka alama nyekundu ya kubomoa ukutani, na familia haina fasi ya kwenda. Hakuna mwenye anashinda pale. Wenye kutaka nyumba na wenye kutaka pori tungeweza kuomba kitu kimoja, ramani yenye inajulikana na kila mtu, imebandikwa kwenye ofisi ya kila kartye.

Kwa wenye wanakata pori hekta nyingi kuuza parseli kwa mamia, ni tofauti. Sheria ya 2011 inaomba uchunguzi wa madhara kwa mazingira na kwa watu kwa miradi yenye inaweza kuharibu, na ACE, ofisi ya taifa ya mazingira, njo inauangalia. Mnunuzi una haki ya kuuliza: uko wapi?

## Kwenye kiwanja

9. Kuna kichuguu kikubwa katikati ya parseli. Nikibomoe?

Kama kiko palepale pa nyumba, hauna njia nyingi, na usijenge juu yake bila fundi mwenye anajua, udongo wake hauko kama wa pembeni na unaweza kupasua kuta. Lakini kikiwa kwenye kona, tafadhali kiache.

Vichuguu vya huku si vitu vya jana. Vile vikubwa vya miombo wa Katanga wataalamu walivipima umri, na kimoja kilionekana kina zaidi ya miaka 2000. Angalia kimoja chenye wapiga matofali wamekikata nusu: ukuta mwekundu laini kama siagi iliyokatwa na kisu, ndani mashimo na njia zinapanda, juu kabisa miti yenye hauioni kwingine porini, juu udongo wa pale una chokaa na virutubisho vyenye udongo wa chini hauna. Ndege wanalala pale, vinyonga wanapanda pale, na mvua za kwanza uyoga mkubwa unatokea pembeni. Leta ya Kongo haijazaliwa, kitu kile kilikuwa kinajengwa.

10. Matofali ya kuchoma ni mabaya?

Ni mazuri kwa nyumba, na yamejenga sehemu kubwa ya mji huu, lakini yanakula mara mbili: udongo wa kichuguu, na kuni nyingi sana za kuchoma tanuru. Ukiweza, tumia bloke za siment au matofali ya kushindilia, yenye yanachanganywa na siment kidogo, yanakaushwa kwenye kivuli na hayapiti motoni. Uliza bei zote tatu kabla ya kuamua, na weka ndani usafiri na yenye yanavunjika njiani.

11. Dembo iko wazi, haina miti, mbona nisijenge pale?

Juu dembo ni chombo cha maji. Mvua za Novemba mpaka Machi zinaingia pale, udongo mweusi unazishika, afu zinatoka polepole kwenda Kafubu na mito yake midogo wakati wa kiangazi. Ukijaza dembo na kifusi, maji hayapotei, yanaenda kwa jirani. Na visima vya pembeni vinaanza kukauka mapema.

Kwa viumbe ni fasi ya vyura, ndege wa maji na majani yenye hayaoti kwingine. Kwa wewe ni choo chenye kinajaa kila Februari na ukuta wenye una chumvi mpaka kwenye dirisha. Parseli za dembo ni za bei rahisi kwa sababu.

12. Nina fasi ya kuacha miti mitatu tu. Niache ipi?

Acha mupundu au musuku kwanza, juu inakupa matunda wewe na inawalisha popo na ndege. Wa pili mutondo, njo mti wa finkubala, hasa wale tunkubiu. Wa tatu wowote mkubwa na mzima wenye uko upande wa magharibi wa nyumba, utakukinga na jua la alasiri.

Mulombwa na mukula ukiwa nayo usimwambie kila mtu. Mti mwekundu umekatwa sana kwa ajili ya biashara ya nje.

Zungusha kamba wakati wa ujenzi ili gari la mchanga lisipite juu ya mizizi, na mafundi wasimwage maji ya siment pale. Miti mingi inaachwa vizuri afu inakufa mwaka unaofuata juu ya hayo mawili.

13. Nikikata yote afu nipande jacaranda na maembe, si ni sawa?

Panda, kivuli ni kivuli. Jacaranda inapendeza mji Septemba na Oktoba, sisi wote tunaipenda, lakini ilitoka Amerika ya Kusini na finkubala hawaijui. Uyoga mwingi wenye tunakula unaishi umeshikana na mizizi ya miti ya miombo, mutondo, muputu, musuku: unapeana maji na chumvi ya udongo, mti unarudisha sukari. Ukitoa mti, uyoga ule unaenda nao, na mwembe hauwezi kuurudisha. Kwa hiyo kwanza acha, afu panda.

## Wanyama wakiingia nyumbani

14. Tangu nihamie Annexe nyoka wanaingia. Nifanye nini?

Wanafuata panya, na panya wanafuata takataka na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Funga chakula, usirundike matofali na mbao pembeni ya ukuta, ziba nafasi chini ya mlango, tembea na tochi usiku. Ukiona nyoka rudi nyuma, wape watoto nafasi ya kutoka, na mwachie njia. Wengi wanaumwa wakijaribu kumuua.

Mtu akiumwa: mtulize asitembee, toa pete na bangili, usikate, usinyonye, usifunge kamba kwa nguvu, mpelekeni hospitali mara moja. Jiwe jeusi na dawa za majani zinapoteza saa zenye hamna.

15. Popo wanaletwa na uchawi?

Hapana, wanaletwa na matunda. Popo wakubwa wa rangi ya majani makavu wanasafiri mbali, na kila mwaka kuanzia Oktoba mpaka Desemba wanakusanyika kwa mamilioni kule Kasanka, Zambia, si mbali na mpaka wetu. Wanabeba mbegu za miti ya porini na kuziangusha njiani, kazi yenye hakuna mtu analipwa kuifanya. Usiwashike kwa mikono mitupu, tunda lenye wameuma usile, na watoto wasiokote wenye wameanguka.

## Kesi ngumu

16. Parseli yangu iko kwenye kilima chenye hakina miti, maua tu. Hapa hakuna pori ya kulinda, sivyo?

Kinyume. Kilima cha wazi katikati ya miombo mara nyingi ni alama ya shaba chini, na wazee walikuwa wanaifuata kwa kuangalia maua. Kuna lile la buluu lenye wataalamu wanaliita *Haumaniastrum katangense*, linavumilia udongo wenye ungeua mahindi. Kwenye vilima hivi vya Katanga kuna majani na maua yenye hayapatikani fasi nyingine duniani, na kilima kikichimbwa yanaisha.

Na kwa afya yako: udongo wenye metali nyingi si wa kulima mboga wala wa watoto kucheza. Na mtu mwenye haki ya kuchimba anaweza kuja siku moja na karatasi zake. Tafuta fasi nyingine.

17. Nilishakata yote miaka ya nyuma. Sasa?

Kama visiki viko, uko na bahati. Chagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu kwa kila kisiki, kata mengine, na uzungushe fasi ya wazi ili moto usiingie. Kama lazima nyasi zichomwe, zichomwe mapema, Mei au Juni, zikiwa bado na unyevu. Moto wa Septemba unaua.

18. Uingereza wanajenga na kulipa fidia kwa viumbe. Tufanye vile?

Kule England, tangu 12 Februari 2024, mwenye kujenga mradi mkubwa anapaswa kuacha viumbe wakiwa na asilimia 10 zaidi kuliko mwanzo, na kutunza hiyo nyongeza miaka 30. Inaweza kuwa palepale au fasi nyingine. Wao pia wako katika ugomvi huu huu, leta yao inataka nyumba milioni 1.5 na watu wanaogopa mito na popo wao.

Wazo la kupima kabla na kupima baada ni zuri na tungelichukua. La kulipa kwingine tuwe waangalifu. Pori ikikatwa Kasapa afu miti ikapandwa karibu na Likasi, mama wa Kasapa mwenye alikuwa anaokota bowa kwa miguu hajalipwa kitu. Kama kuna fidia, ibakie karibu na watu wenye walipoteza.

19. Mtu anauza parseli ndani ya parke, anasema leta itafungua. Ninunue?

Usinunue, hata kwa bei ya soda. Ndani ya parke ya taifa hakuna konsesyo ya kukaa, na siku ya kuondolewa muuzaji hutamwona.

20. Tunaona pori ya kartye inakatwa usiku. Tumwambie nani?

Msiende kupigana na wakataji, wengi ni vijana wenye wanatafuta chakula, na wengine wako na silaha. Andikeni barua moja yenye majina ya familia nyingi, mpeleke kwa shefu wa kartye, kopi kwa komini, kopi kwa ofisi ya mazingira ya mkoa, na kila mahali mpigishe mhuri wa kupokea kwenye kopi yenu. Wekeni picha, tarehe na fasi. Barua ya mtu mmoja inapotea kwenye meza. Ya familia arobaini, yenye mihuri mitatu, ni ngumu kuipoteza, na kesi ikifika mbele ya jaji njo itakuwa ushahidi wenu wa kwanza.